Taa ya Mwisho Ndiyo Shahidi

Ukitaka kujua kama fundi wa taa za bustani alifanya kazi au alifukia matatizo, toka usiku ukaitazame taa iliyo mbali kabisa na transfoma. Ikiwaka sawa na ya kwanza, mpe fundi mkono. Ikififia, usikimbilie kununua balbu, chimba.

Songea iliungwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ikaachana na jenereta za dizeli. Lakini umeme uliosafiri mbali hivyo unaweza kuishia njiani uani kwako, ndani ya waya mwembamba.

Waya. Volti 2 zikipotea kwenye 230 za TANESCO, hakuna atakayegundua. Zikipotea kwenye 12 zinazotoka kwenye transfoma ya bustani, sehemu ya sita imekwenda. Taa zenye jumla ya wati 50 zikiwa mita 20 kutoka kwenye transfoma, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza karibu volti 2. Wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya volti 1. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe dukani.

Maungio. Hapa ndipo ustadi unapojulikana. Masika yetu hudumu hadi Aprili, na udongo hushiba maji. Kiungio kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu kitaota kutu ya kijani. Kilicho bora kimelehemiwa kwa risasi, kikavishwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kivute: kisicheze hata kidogo.

Dalili. Zote zimezimika: anza na fyuzi na transfoma. Za mbali tu ni hafifu: waya ni mwembamba au mzigo ni mkubwa. Moja tu imekufa: kagua balbu, kisha kiungio chake. Zinapepesa baada ya mvua: maji yameingia. Taa zote zikiwa zinawaka, pima volti kwenye transfoma, kisha kwenye taa ya mwisho. Tofauti isizidi 1. Upande wa volti 230 mwachie fundi mwenye leseni.

Mtaro usifukiwe kabla hujauona kwa macho yako. Na mkubaliane mapema na fundi: sehemu ya malipo yake itasubiri mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayeamini maungio yake hatakataa.