Mkono Unaoshika Chupa

Barua na taarifa za kale kuhusu wanyama waliosafirishwa kama zawadi hukumbuka aliyetoa na aliyepokea, aliyelisha husahaulika. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa China kwa mfalme Yongle. Jina la mfalme lipo, la aliyemlisha baharini halipo. Lakini mwaka 1850, kiboko mchanga aitwaye Obaysch alipofika London kutoka Misri, mlezi wake alitajwa: Hamet Safi Canaana. Alimnywesha maziwa njiani na usiku akilala ubavuni pake, kwa sababu mtoto yule hakutulia bila yeye. Kwangu mimi, kulala pale ndiko kilele cha ufundi wa kulea mnyama.

Sisi wa mtaa wa Satellite, Nairobi, tunaishi karibu na warithi wa Hamet. Ukitoka kwetu ukashika Ngong Road, kisha ukakata kuelekea Lang'ata, utafika kwenye Mbuga ya Nairobi, na ndani yake kituo cha Sheldrick kinacholea ndovu waliopoteza mama zao. Wenzetu wa bustani ya mayatima wa wanyama, iliyofunguliwa 1964 langoni mwa mbuga hiyo hiyo, nao wana kazi yao nzuri. Ila kunyonyesha ndovu ni shule nyingine kabisa.

Maziwa ya ng'ombe tunayopimiwa na mashine dukani asubuhi, ya chai ya nyumbani, yanaweza kumuua mtoto wa ndovu. Tumbo lake halihimili mafuta ya maziwa hayo. Anahara, anakauka, anakwisha. Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo hicho, akiwa mbuga ya Tsavo na mumewe David, alihangaika miaka mingi na watoto wakimfia mikononi, hata alipotambua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribiana na ya maziwa ya mama ndovu. Mwaka 1974 akafanikiwa kumlea ndovu mchanga aitwaye Aisha kwa maziwa yenye mafuta hayo. Kisha akaenda harusini kwa bintiye. Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye peke yake, akagoma kula hadi akafa. Maziwa yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu.

Msiba huo ndio uliounda kazi ya leo. Walezi hupokezana, usiku huu huyu, kesho mwingine, ili mtoto apende kundi zima na asimlilie mmoja. Mlezi hulala zizini, na mtoto mchanga hupewa chupa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Tazama kwa karibu wanavyofanya: blanketi hutundikwa, mlezi anasimama nyuma yake na kupitisha chupa, na mtoto anaegemeza mkonga kwenye kitambaa kama angeuegemeza kwenye ubavu wa mama. Hapo hunyonya. Bila kitu cha kuegemea, wengine husukumasukuma chupa na kuondoka. Mtu aliyebuni blanketi hilo alikuwa amemtazama ndovu kwa muda mrefu sana, bila haraka ya kumaliza zamu.

Baada ya hayo wanaandika. Walezi hawa huweka shajara: nani amecheza matopeni, nani amejitenga na wenziwe, nani leo amekataa maziwa. Kwa macho ya mgeni ni mambo madogo. Lakini ndovu mchanga anaweza kuonekana mzima asubuhi na kuzidiwa jioni, na chupa iliyobaki nusu ndiyo habari ya kwanza kuhusu ugonjwa. Anayeijua habari hiyo ni aliyeishika chupa, na asipoiandika, mwenzake wa zamu inayofuata anaanza gizani.

Ndiyo maana naona shajara hizo zinastahili nafasi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue. Mwanafunzi atakayekuja kuuliza wanyama walitunzwaje katika nchi hii asiishie kwenye vibali na barua za wakubwa. Apewe pia ukurasa wa mlezi, wenye saa ya chupa ya usiku, kiasi kilichonyweka, na jina la aliyekesha.