Chuo cha Kufufua Magari ya Kale

Katika mji mdogo wa McPherson, jimbo la Kansas, Marekani, kijana anaweza kusomea ufufuaji wa magari ya kale mpaka akapata shahada kamili ya miaka minne. McPherson College ilianzisha mafunzo hayo mwaka 1976, baada ya mfanyabiashara wa hapo mjini, Gaines “Smokey” Billue, kukipa chuo magari aliyoyakusanya.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Mbadala wa madigadi iliyoliwa na kutu, ya gari la miaka sabini iliyopita, mara nyingi haupatikani dukani. Mwanafunzi hukata bati jipya, akaligonga kwa nyundo kidogo kidogo, akalipachika kwenye bodi kulijaribisha, akalirudisha mezani, akaligonga tena hadi mkunjo ukae sawasawa. Wenzake wanashona viti au wanafumua injini. Na wote hufundishwa kupekua nyaraka na picha za zamani, ili gari lirudi lilivyotoka kiwandani. Kwa hilo hasa walimu wao wanastahili pongezi: wanalea mikono na akili kwa pamoja.

Matunda yameonekana. Mwaka 2023, Mercedes-Benz 300 S ya mwaka 1953, iliyofufuliwa na wanafunzi kwa miaka kadhaa, ilishika nafasi ya pili katika kundi lake kwenye maonyesho ya Pebble Beach, California. Huko wanafunzi hao walishindana na magari ya matajiri, yaliyopitia mikononi mwa mafundi waliobobea!

Wahitimu wa chuo hicho wameajiriwa katika makumbusho na gereji za magari ya kale, kazi ambazo wazee wanaozijua wanazidi kustaafu.