Taa ya mwisho

Bandugu basomi, hapa tulizoea kukosoa vitabu na hotuba za bakubwa. Leo ninakosoa mataa ya bustani. Miye ni mutu wa agronomi, munisamehe, lakini ile mataa ilitaka kuniulia miti.

Bustani iko hapa Kolwezi, mwenyewe simutaje. Niliipanda miye: franjipani, bugenvile, nyasi. Kijana mufundi akaweka mataa 12 ya LED, volti 12, wati 5 kila moja, mustari mumoja wa mita 60. Usiku wa kwanza, taa ya karibu inawaka muzuri, ya katikati inachoka, ya mwisho ni kama kaa la makala linalotaka kuzima. Patron akaangalia, akasema ni majani njo inafunika mwangaza: mukate franjipani. Na malipo ya kijana akaizuia.

Nitasema kweli, kwa macho ile kazi ilikuwa muzuri. Mwangaza unatoka chini, unapanda shina, kivuli kinalala ku ukuta. Kosa lilikuwa chini ya udongo.

Kwanza tulipangusa vioo, juu kiangazi vumbi ya malori ya migodi inafunika kila kitu. Ikasaidia kidogo. Kisha nikaazima multimeta (kijana hana yake, na miye pia nilikuwa tayari kukata tawi moja mbele ya kupima, haya yangu). Ku transfo: volti 12. Ku taa ya mwisho: 8,4. Majani inaweza kuzuia mwangaza, lakini haikuli volti.

Tukahesabu. Wati 60 kwa volti 12 ni ampere 5. Waya ilikuwa ya 1,5, nyembamba. Juu mataa imepangwa njiani, tunachukua kama muzigo wote uko katikati, mita 30. Kwenda na kurudi, 60. Mara 0,0175, gawanya kwa 1,5: ohm 0,7. Mara ampere 5, volti 3,5 zinabaki njiani. Tena viungo vilifungwa na skochi tu, na ndani shaba imeshaanza kuota kijani, ndugu ya malakiti yetu.

Patron akataka transfo kubwa zaidi. Apana. Transfo haikukosa nguvu, njia njo nyembamba. Na mufundi alipashwa kujua ile, tuko Kolwezi! Tangu 1982 umeme wa Inga unafika hapa kwa mustari wa kilometa karibu 1 700, kwa volti 500 000. Volti ikipanda, ampere inashuka, na hasara njiani inapungua. Kwa volti 12 ni kinyume: hata mita 60 ni safari ndefu.

Tukasogeza transfo katikati ya bustani. Zile 220 zikasafiri ndani ya bomba, zile 12 zikagawanyika pande mbili. Kila upande ampere nusu, urefu nusu: hasara inabaki robo, bila kununua waya mupya ya mataa. Viungo tukarudilia na kufunga visiingize maji. Taa ya mwisho sasa inapata 11.

Franjipani iko, wiki iliyopita ilitoa maua. Kijana amelipwa nusu. Nusu ingine, patron anasema, atangoje kwanza kama mataa itafika ku mvua.