Takriri kama Sheria: Uhakiki wa Mitazamo kuhusu Urudiaji katika Kiingereza cha Watoto

Sehemu hii inahakiki mitazamo miwili kuhusu maneno na vibwagizo vinavyorudiwarudiwa katika mazungumzo yasiyo rasmi ya watoto wazungumzao Kiingereza. Mtazamo wa kwanza huuona urudiaji kuwa pambo la sauti. Wa pili huuona kuwa hatua ya kujifunza lugha, ambayo mtoto ataiacha akikua. Inadaiwa hapa kuwa yote miwili inapuuza kazi ya kijamii ya urudiaji, yaani kuwafunga watoto kwa masharti waliyojiwekea wenyewe.

Tukianza na umbo, katika Kiswahili uradidi ni sehemu ya kawaida ya sarufi. Maneno kama polepole na chekacheka hayamshangazi msomaji yeyote. Kiingereza sanifu hakina kanuni pana ya namna hiyo, hivyo maneno kama "easy-peasy" na "teeny-weeny" huhesabiwa kuwa ya utani au ya kitoto. Hata hivyo, urudiaji wa Kiingereza una utaratibu wake. Katika "zigzag" na "ding-dong", irabu ya juu hutangulia irabu ya chini. Mpangilio huo haupinduliwi. Aidha, Ghomeshi na wenzake (2004) walionesha kuwa kurudia neno zima huweza kubainisha maana. Mtoto anayesema "like-like" hamaanishi kumpenda mtu kama rafiki, bali mapenzi hasa. Neno hilo likitamkwa mbele ya wenzake, siri ya mtu imekwisha kutoka. Pambo tupu haliwezi kufanya hivyo.

Kazi ya Iona na Peter Opie, The Lore and Language of Schoolchildren (1959), ilitokana na taarifa za watoto wapatao 5,000 wa shule 70 nchini Uingereza. Mchango wake mkubwa ni kuonesha kuwa mapokeo haya hupita kutoka mtoto hadi mtoto, bila kutegemea wazazi wala walimu. Waandishi hao walitenga sura nzima kwa ajili ya sheria simulizi za watoto: viapo, mabadilishano ya vitu, madai ya umiliki na maneno ya kuomba kusitisha mchezo. Udhaifu uko katika mgawanyo wao. Tungo za kufurahisha zimewekwa katika sura tofauti, kana kwamba furaha na sheria havikutani. Ilhali "finders keepers" hupata nguvu ya kisheria kutokana na mlingano wake wa sauti: dai limekwisha kukubalika masikioni kabla mtu hajauliza ushahidi. Vivyo hivyo, mtoto anayerudia kila sentensi ya mwenzake anacheza, lakini papo hapo anamnyima mwenzake nafasi ya kusikilizwa.

Utafiti wa Kenneth Goldstein (1971) mjini Philadelphia unaipeleka hoja hii mbele zaidi. Watoto walizieleza tungo za kuhesabia zamu kuwa njia ya haki ya kumpata mchezaji. Alipowachunguza wakicheza, aliona baadhi yao wakizielekeza tungo hizo kwa kuongeza maneno mwishoni, kuchagua utungo wenye urefu unaofaa au kujiruka wenyewe. Hesabu yake ni nyepesi. Katika duara la watoto watano, utungo wa mapigo 16 ukianzia kwa mtoto wa kwanza humwangukia huyohuyo. Ukiongezwa mapigo manne, humwangukia wa tano. Anayejua hivyo ana mamlaka, na asiyejua hudhani ni bahati. Mdundo unaojirudia ndio unaoufanya uamuzi wa mtu mmoja uonekane kuwa uamuzi wa duara zima.

Kutokana na uhakiki huu, takriri katika lugha ya watoto haiwezi kuelezwa kikamilifu kwa kubainisha mlingano wa sauti pekee, wala kwa kutaja umri wa msemaji. Mchambuzi anapaswa pia kuuliza nani anayerudia, anamrudia nani, na nani anatolewa mchezoni kibwagizo kinapokoma. Bila swali hilo la mwisho, uhakiki utamsikia mtoto anayeimba na kumsahau yule aliyebaki nje ya duara.