Hekalu la Kitambaa

Katika mji wa Ahmedabad, katika Gujarat ya Uhindi, wako Wavaghari. Hapo zamani walikatazwa kuingia mahekalu ya Wahindu wa tabaka za juu. Basi wakajifanyia hekalu la kitambaa, liitwalo Mata ni Pachedi, ndiyo kusema: nyuma ya Mama. Kitambaa hutundikwa nyuma ya mungu-mke wao, vingine kandokando na juu, na patakatifu pamekwisha jengwa.

Vibao vya mti vilivyochongwa hupiga mapambo ya pindo. Kalamu ya mwanzi huchora yaliyobaki. Weusi hutoka katika kutu ya chuma iliyolowekwa na sukari guru. Kisha kitambaa huoshwa katika maji yapitayo, hupikwa, na wekundu watokea. Mungu-mke yuko katikati, mkubwa kupita wote: jicho halipotei. Kazi hiyo naisifu.

Lakini siku hizi picha zile zile hupigwa hata juu ya sari na mitandio. Fundi apata chakula chake; nani atamlaumu? Walakini sanaa yenyewe yapungukiwa. Kitambaa kikikunjwa, katikati hapaonekani tena. Uzuri umebaki, mahali pake pamepotea.

Ndugu, imani yao si yetu. Lakini sisi nasi tuna vikwembe vya Bikira Maria. Mshoni akikata, uso wa Mama yetu waangukia wapi? Mara nyingine twaukalia. Tumwonyeshe mshoni mahali pa sura hiyo kabla hajashika mkasi.