Katika Sifa za Kisa Kirefu

Karibu na soko kuu la mji wa Singida yuko kijana mwenye kiduka chembamba ambaye kazi yake ni kuwawekea watu tamthilia katika flashi, zile ambazo wakubwa kwa wadogo huziita sizoni. Jioni moja nilimkuta fundi wa pikipiki, mikono imejaa oili, akiulizia kisa cha upelelezi cha kumtosha siku zake mbili za mapumziko. Yule kijana aliitazama kompyuta yake kitambo, kisha akasema kwa fahari ya muuzaji anayeiamini bidhaa yake, "Chukua hii, kaka. Epizodi nane tu. Ukianza saa mbili usiku, alfajiri umeshamjua muuaji." Fundi akafurahi, akalipa, akaenda zake; nami nikabaki nimesimama, moyo umeniingia uzito, kwa kuwa kilichosifiwa katika kisa kile hakikuwa utamu wake, wala watu wake, wala akili ya aliyekitunga, bali upesi wa kwisha kwake.

Katika fani zote za masimulizi sijui moja inayohitaji nafasi na subira kuliko kisa cha jinai, ingawa watu aghalabu hudhani kinyume, kwa sababu ndani yake mna bastola, na mbio, na damu. Kuua ni jambo la dakika moja. Lakini kumfahamu aliyeua, na aliyeuawa, na jirani aliyesikia mlango ukigongwa akajifunika shuka, na mlinzi aliyepitiwa na usingizi, na mke aliyesema uongo si kwa kuwa ana hatia bali kwa kuwa ana haya, ni jambo la majuma na miezi, na fundi wa kweli wa fani hii hujulikana kwa jinsi anavyowapa watu hao muda wa kuwa watu kabla hajawafanya mashahidi.

Nilijifunza hayo kwa marehemu bibi yangu, huko Ilongero, kabla sijaona televisheni. Baada ya mavuno, upepo wa Singida unapoanza kuuma, wajukuu tulikusanywa jikoni usiku kupukuchua mahindi. Bibi alikuwa akisugua gunzi kwa gunzi, na punje zilizokataa akizing'oa kwa dole gumba lililokuwa na sugu ya miaka mingi. Magunzi matupu aliyatupa motoni, na kila moto ulipopanda alinyamaza, akangoja ushuke, ndipo akaendelea. Kisa kimoja kilituchukua msimu mzima. Kilihusu maksai mwekundu aliyeibwa zizini usiku wa harusi, ambapo kila aliyeweza kushukiwa alikuwa amekula sahani moja na mwenye mali.

Usiku wa kwanza alitufikisha pale mwenye maksai alipoinama kwenye vumbi akaona ukwato mmoja umeburura, kisha bibi akatazama ungo wa punje, akaona umejaa, akasema, "Wajukuu zangu, tukalale." Usiku wa pili tulikuja mbio kuuliza habari za ukwato. Bibi hakuutaja. Alianza na mjane mmoja wa upande wa pili wa bonde, aliyeishiwa chumvi siku ile ya harusi, akaona aibu kuomba mahali penye shughuli, akaamua kwenda kwenye boma la mbali ambalo halikualikwa. Tulinung'unika, tulitaka mwizi, tukapewa chumvi. Lakini bibi alituhadithia nyumba ya mjane yule, na madeni yake, na mwanawe aliyekwenda mashamba ya mkonge asirudi, hata tukampenda. Na baada ya usiku kadhaa, tulipokwisha kusahau kwamba tunatafuta mwizi, mjane akiwa njiani na chumvi yake mkononi akaona taa inawaka zizini mwa mtu ambaye sote tulikuwa tumemheshimu. Aliyekuwa na punje kiganjani aliziacha zikadondoka.

Ukubwa wa kila kipande ulipimwa na ungo, na ukubwa wa kisa chote ulipimwa na mavuno ya mwaka. Mwaka wa mavuno mengi kisa kilipata watu zaidi: aliingia dalali wa ng'ombe, akaingia mganga, akaingia karani wa baraza ambaye hakuwa na faida yoyote kwa upelelezi ila kwamba alikuwa mchekeshaji. Ni miaka mingi tu baadaye nilipofahamu kwamba karani yule alikuwa na kazi kubwa kuliko wote, maana ndiye aliyetupumzisha, na kwa kutupumzisha akatuzubaisha, hata lile neno moja la haki alilolisema katikati ya mizaha likatupita masikioni kama lilivyowapita wazee wa baraza.

Kisha ikaletwa kijijini mashine ya kupukuchulia. Mahindi yaliyotuchukua majuma yakawa yanaisha kabla jua halijapanda, na mikono ya kina mama ikapumzika, jambo ambalo mwenye moyo hawezi kulichukia. Lakini usiku ule wa jikoni ukapotea, kwa kuwa hapakuwa tena na kazi ya kutukusanya, na bibi, aliyezoea kusimulia mikono ikiwa kazini, hakuweza kusimulia mikono ikiwa mapajani. Kisa cha mwaka ule kilibaki nusu.

Huku bara televisheni ilitufikia mwaka 1994, miaka zaidi ya ishirini baada ya Zanzibar, ambako ilianza mwaka 1973; kwa hiyo ladha yetu ya upelelezi ilifundishwa na mdomo, na redio, na hasa kurasa. Na kurasa zilianza kwa Mohammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau, ikachapwa mwaka 1960, na ambaye aliendelea kumrudia mpelelezi wake Bwana Msa hata Kosa la Bwana Msa ya mwaka 1984. Karibu robo karne ya kutembea na mtu mmoja! Bwana Msa hakimbii. Huwasha kiko, husikiliza, humwacha rafiki yake Najum aseme lililo wazi na Inspekta Seif afanye ya haraka, naye huku anakusanya mambo madogo ambayo msomaji ameyapita kwa dharau. Elvis Musiba alipotuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kasi iliongezeka, na nilimpenda Gamba kama vijana wote wa rika langu. Lakini hata yeye alitufikia kitabu baada ya kitabu, na kati ya kimoja na kingine tulipata miaka ya kumjadili.

Wamarekani nao walikuwa na kipimo chao, ijapokuwa kilitokana na biashara. Katika miaka ya 1950 msimu wa tamthilia uliweza kuwa na sehemu 39, kwa sababu mwaka una majuma 52, na majuma 13 ya kiangazi yaliachiwa marudio. Perry Mason, yule wakili wa kwenye kioo, alianza mwaka 1957 kwa msimu wa sehemu 39, na alipoaga mwaka 1966 zilikuwa zimefika 271. Baadaye desturi ikatulia kwenye sehemu 22 au 24, tangu Septemba hata Mei. Huko Ujerumani, Herbert Reinecker aliandika peke yake sehemu zote 281 za Derrick, kuanzia mwaka 1974 hata 1998, jambo ambalo kila nikilifikiri huniinamisha kichwa kwa heshima. Vijana wetu waliionja neema hiyo kwa Prison Break, ambayo msimu wake wa kwanza, wa mwaka 2005, ulikuwa na sehemu 22. Nakumbuka diski zake zikipita mkono kwa mkono hapa mjini, na watu waliojibizana vikali barazani juu ya mfungwa mmoja asiyekuwa shujaa wala adui, aliyepata kupendwa kwa sababu tu alikuwa amepewa nafasi ya kuonekana mara nyingi.

Zilizokuja baadaye ni televisheni za kulipia, kisha zile za intaneti, na msimu ukapungua: 13, kisha 10, kisha 8, na mara nyingine 6. Sababu zake zaeleweka. Sehemu chache huruhusu fedha nyingi kwa kila moja, na waigizaji wakubwa hawakubali kufungwa miezi tisa, na mtazamaji asiyengoja juma hahitaji kukumbushwa. Wala sidai kwamba hesabu peke yake ndiyo sanaa, maana The Wire, iliyotoka 2002 hata 2008, haikuwahi kupita sehemu 13 kwa msimu, na ukiweka misimu yake mitano pamoja unapata sehemu 60 tu. Lakini watungaji wake walikuwa na imani ya kwenda polepole, na hawakuona haya kumpa mpakua mizigo wa bandarini saa nzima bila maiti hata moja. Imani hiyo ndiyo iliyoondoka. Kisa cha sehemu 8 siku hizi aghalabu ni sinema moja iliyokatwakatwa: kila anayefungua mlango ana siri, kila kikombe kinachowekwa mezani ni ushahidi, na mtazamaji mwerevu anamjua mwovu katika sehemu ya pili, kwa kuwa ndiye pekee aliyepewa maneno ambayo hayakuhitajika.

Jirani zetu wa Kenya walipotengeneza Crime and Justice mwaka 2021, wapelelezi wawili katika Nairobi, nilifurahi kuona jinai ya mji wetu wa Afrika Mashariki ikitendewa kwa taadhima. Ila msimu wa kwanza ukaisha katika sehemu ya 8, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuwazoea. Kwetu tumeangukia ila ya upande wa pili. Tamthilia zetu zinazopendwa, Huba na Jua Kali na nyinginezo, zina urefu ambao bibi angeuonea wivu, na waigizaji wenye vipaji vya kweli. Lakini urefu wake haujui mwisho uko wapi, na ukatili unaotendwa ndani yake, wa sumu na utekaji na urithi, hupita bila upelelezi, kwa kuwa kesho yake lazima liwepo jipya. Bibi alijua kabla hajaanza kwamba taa itawaka zizini mwa nani. Chumvi ya mjane iliwekwa njiani kwa makusudi, siku nyingi kabla haijahitajika.

Mkoa huu una kisa cha sehemu ishirini kamili, na kinamngoja mtu. Kuna barabara kuu ya malori yaendayo Nzega na Mwanza, na stendi ya Misuna isiyolala. Kuna viwanda vya kukamua alizeti ambavyo usiku hulindwa na mzee mmoja. Kuna walanguzi wa vitunguu, na wauza kuku wanaosafiri na matenga hata Dar es Salaam, na ziwa Singidani ambalo maji yake ya chumvi huwakataa wanywaji na kuwapokea ndege. Weka mwizi hapo, na askari mmoja mpole, halafu wape kila mmoja wa watu hawa jioni yake. Nimewahi kulisema hili mbele ya mtu anayefanya kazi ya kununua tamthilia, naye alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama kisa hicho chaweza kuingia katika sehemu sita. Nilimwambia hakiwezi. Akasema basi labda mwaka mwingine. Na wale waliojua kukishika kisa usiku hata usiku, tangu mavuno hata masika, tumekwisha kuwazika wengi wao.