Hesabu ya waya: jinsi Via delle Bocchette inavyovukwa kwa siku tatu

Pini mbili za chuma zimepigwa kwenye jabali, moja juu ya nyingine, na kati yake waya umepanda mita nne. Mpandaji akiteleza akiwa karibu na pini ya juu, karabina zake hazimshiki papo hapo. Zinateremka na waya hadi pini ya chini, mita nne, kisha yeye anashuka mita moja zaidi, urefu wa kamba iliyomfunga kiunoni. Gawa mita tano za anguko kwa mita moja ya kamba, unapata tano. Katika upandaji wa kawaida wa kamba, uwiano huo hauzidi mbili.

Hesabu hiyo ndiyo inayotawala maamuzi mengi ya kiongozi anayewavusha watu Via delle Bocchette, njia ya chuma ya milima ya Brenta, kaskazini mwa Italia.

Chama cha wapanda milima cha Trentino, SAT, kilianza kuijenga miaka ya 1930 kwa wazo la kipekee: ngazi na waya viunganishe kingo za asili za miamba, visimpeleke mtu kileleni. Matabaka ya mwamba wa Brenta yamelala, hivyo mmomonyoko umeacha kingo nyembamba mithili ya rafu. Juu ya rafu hizo unatembea, na waya umelala sambamba na njia. Hesabu yetu inauma pale penye ngazi.

Hapo ndipo kinga ya kwanza inapohitajika: kifyonza mshtuko. Ni mkanda uliokunjwa na kushonwa. Ukivutwa ghafla, nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine na kula kasi ya anayeanguka. Kiwango cha Ulaya, EN 958, kinataka kifae watu wa kilo 40 hadi 120. Mtoto wa kilo 32 hakatishi nyuzi za kutosha, kwa hiyo mshtuko unaishia mwilini mwake. Mtoto kama huyo, kiongozi humshika kwa kamba kutoka juu.

Kinga ya pili ni nafasi. Kipande kimoja cha waya, mtu mmoja. Aliye juu mngoje chini, wanasema wahenga. Kwenye ngazi za Brenta methali hiyo ni kanuni, kwani akiponyoka atakuangukia kichwani.

Ya tatu ni saa. Alasiri za kiangazi huleta radi, na kando ya waya mrefu wa chuma si mahali pa kuwa. Saa ndiyo inayopanga siku tatu hizo. Siku ya kwanza huwa nyepesi: kupanda kwa kebo hadi Grostè, kisha njia ya Benini hadi nyumba ya wapandaji ya Tuckett. Siku ya pili wanaondoka alfajiri kwenda Bocchette Alte, sehemu ngumu kuliko zote, inayofika karibu mita 3,000, na kulala katika nyumba ya wapandaji ya Alimonta. Siku ya tatu wanapita Bocchette Centrali, chini ya mnara wa Campanile Basso, hadi Bocca di Brenta. Ugumu umewekwa katikati, miguu ikiwa imezoea na bado haijachoka.

Ukitaka kwenda, kabla ya kulipa muulize kiongozi mambo mawili: saa ya kuondoka siku ya pili, na atamfungaje aliye mwepesi kuliko wote. Akisitasita, tafuta mwingine.